Shahada ya Nyasi Si Shahada ya Waliokosa

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo katika nyumba nyingi za mijini huwa ni yale yale. Kutoka Umoja hadi Lang'ata, kutoka Kisauni hadi Kondele, wazazi huketi na watoto wao kuchagua masomo ya chuo kikuu, na orodha haizidi vidole vya mkono mmoja: udaktari, uhandisi, uanasheria, uhasibu na, siku hizi, kompyuta. Mtoto akisema anataka kusomea malisho, misitu au wanyama pori, nyumba nzima hunyamaza. Baadhi ya wazazi hudhani kwamba gredi zimemwangusha. Wengine huuliza swali ambalo kwa kweli lina uzito: "Sisi tulihangaika kutoka kijijini tukaja mjini ili wewe usome, nawe wasoma ili urudi huko huko?"

Swali hilo halifai kujibiwa kwa dhihaka. Mzazi aliyekulia mahali ambapo maji huchotwa kilomita kumi kutoka nyumbani anaijua shida ya mashambani kuliko mwanawe anayeiona kwenye picha. Hata hivyo, si haki kumkataza mtoto kabla ya kufahamu kile anachokitaka. Leo basi tuitazame shahada moja katika kundi hili, ile ya usimamizi wa nyanda za malisho, pamoja na jamaa zake wa karibu, yaani masomo ya wanyama pori, misitu na maliasili. Tuone mwanafunzi hufunzwa nini, hupata kazi gani, na mashimo ya njiani yako wapi.

Nchi iliyo nje ya dirisha la basi

Anayesafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa huipita nyika kwa saa kadhaa, na wengi husema moyoni kwamba hapa hapana kitu. Hawajui kwamba kando ya barabara hiyo hiyo, pale Kiboko, serikali ina kituo cha utafiti wa nyanda kame, ambapo wataalamu huchunguza nyasi za kienyeji na mifugo inayostahimili jua.

Karibu asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Huko ndiko hutoka sehemu kubwa ya nyama inayochomwa Burma na Kenyatta Market kila mwisho wa juma. Isitoshe, wanyama pori wengi hawaishi ndani ya mbuga kama tunavyodhani. Inakadiriwa kwamba asilimia 65 hivi ya wanyama hao hukaa nje ya mbuga, kwenye ardhi za watu binafsi na za jamii, wakila majani yale yale yanayoliwa na ng'ombe na mbuzi.

Ardhi hiyo haiko katika hali njema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2016, uliotegemea hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege tangu 1977, ulionyesha kwamba idadi ya wanyama pori katika nyanda za malisho za Kenya ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 68. Kisha ukaja ukame. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika maeneo ya kaskazini na mashariki, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Familia zilizokuwa na ng'ombe 100 zilibaki zikipanga foleni ya chakula cha msaada.

Ni nani ataamua malisho yafungwe lini na yafunguliwe lini? Ni nani atapima kama ardhi fulani bado inaweza kulisha mifugo iliyopo? Ni nani atakaa kati ya mfugaji na serikali, au kati ya mfugaji na mwenye hoteli ya watalii, na kuielewa lugha ya pande zote mbili? Kazi hizo ndizo shahada hii humwandaa mtu kuzifanya.

Hesabu ya nyasi na ng'ombe

Wako wanaodhani kwamba kusomea malisho ni kufunzwa uchungaji. La hasha. Mwanafunzi husoma udongo, mimea, maji, lishe ya mifugo, maisha ya wanyama pori, uchumi, sheria za ardhi, takwimu, na jinsi ya kusoma picha zinazopigwa na setilaiti. Nipe nafasi nieleze zoezi moja tu, ili mzazi aone kazi yenyewe ilivyo.

Wanafunzi hupewa fremu ya chuma ya mraba, tuseme yenye upana wa mita moja. Huiweka mahali mbalimbali kwa kufuata utaratibu ambao hauwaruhusu kuchagua pale penye nyasi nzuri tu. Hukata nyasi zilizomo ndani ya fremu, huzikausha kwenye tanuri, huzipima, kisha hupiga hesabu ili kujua hekta moja ina kilo ngapi za nyasi kavu.

Tuseme wamepata kilo 1,000 kwa hekta. Kanuni wanayofunzwa ni kwamba mifugo iachiwe nusu tu, na nusu ibaki ili kuilinda ardhi na kuipa mizizi nguvu ya kuchipua tena. Kwa hiyo kilo zinazoweza kuliwa ni 500. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Hekta hiyo basi itamtosha ng'ombe mmoja kwa siku 80 hivi. Ili ale mwaka mzima, anahitaji karibu hekta nne na nusu, ambazo ni kama ekari 11.

Sasa tuichukue familia iliyogawiwa ekari 60 za nyika baada ya ranchi ya kikundi kukatwa vipande. Kwa mtu wa jijini ekari 60 ni utajiri wa ajabu. Lakini katika nyika ya namna hiyo, ekari hizo zinaweza kulisha ng'ombe 5 peke yao. Familia hiyo ikizungushia shamba lake ua, na jirani naye akazungushia lake, ng'ombe watakwisha. Hapo utafahamu kwa nini wafugaji tangu zamani hawakupenda ua, na kwa nini ukame unapowapata hulazimika kuhama. Hawakuwa wakitangatanga ovyo, bali walikuwa wakiifuata hesabu hii, ingawa hawakuiandika.

Walioleta mathenge

Hapa nataka kijana anayeisoma safu hii atulie kidogo, kwani jambo hili ni kubwa kuliko gredi. Shahada ikitumiwa vibaya huweza kuwaumiza watu kuliko ujinga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mti wa kigeni wenye asili ya bara la Amerika ulipandwa huko Baringo. Jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora, na wenyeji waliuita mathenge. Nia ilikuwa njema: watu wapate kuni na kivuli, na udongo usichukuliwe na upepo na maji. Mti ule ulistawi kupita matarajio. Ulienea hadi ukafunika malisho na kuziba njia za mifugo. Miiba yake ilichoma miguu ya watu na wanyama. Maganda yake yana sukari nyingi, na mbuzi walioyala mno walioza fizi na kupoteza meno. Mwaka wa 2006 wakazi wa Ng'ambo, karibu na Marigat, waliipeleka kesi yao mahakamani, na wakamleta mbuzi asiye na meno ili awe ushahidi.

Linganisha na yaliyotokea ng'ambo ya mpaka wetu, mkoani Shinyanga, Tanzania. Huko nako miti ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi, mara ili kuangamiza mbung'o, mara ili kupata mashamba ya pamba, hadi ardhi ikabaki uchi. Mwaka wa 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wataalamu waligundua kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao iitwayo ngitili. Sehemu ya malisho hufungwa mvua inapoanza, isiguswe na mnyama, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza. Badala ya kuleta jambo geni, mradi uliifufua desturi hiyo na kuipa nguvu. Baada ya miaka kama kumi na minane, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefunikwa tena na miti na majani.

Pande zote mbili kulikuwa na wasomi, na pande zote mbili kulikuwa na nia njema. Tofauti ni kwamba Shinyanga wasomi waliwauliza wazee kwanza. Kenya nayo ina hazina kama hiyo. Waborana wa Isiolo wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho ya masika ni yapi, ya kiangazi ni yapi, na yapi yatunzwe hadi siku ya shida kubwa. Wamaasai wana olopololi, malisho ya karibu na boma yanayotengwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Mwanafunzi atakayehitimu bila kuyajua haya hajahitimu, hata akivikwa joho.

Siku hizi hata mahakama zinasisitiza jambo hilo. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyama katika kaunti hiyo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha katiba kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Nayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inataka ardhi iliyosajiliwa isihamishwe mikononi mwa jamii bila idhini ya angalau theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa. Meneja wa kesho atakayeingia kijijini na ramani iliyokwisha kuchorwa atajikuta kizimbani.

Kazi ziko wapi?

Mzazi atauliza, "Sawa, lakini atakula nini?" Ni haki yake kuuliza.

Kwanza ziko kazi za serikali. Tangu kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, maafisa wa kilimo na mifugo wa nyanjani wako chini yake. Serikali kuu nayo ina Shirika la Wanyama Pori, Shirika la Misitu, na Mamlaka ya Kukabiliana na Ukame. Mamlaka hii hutoa taarifa kila mwezi kuhusu kaunti 23 zenye ukame. Maafisa wake hufuatilia mwendo ambao watu na mifugo hutembea kutafuta maji, bei ya mbuzi sokoni, na mzunguko wa mkono wa mtoto mdogo, ambao huonyesha kama njaa imeingia nyumbani. Nambari hizo ndizo huamua kama msaada utafika mapema au utafika watu wamekwisha kuzikwa.

Pili, ziko hifadhi za jamii. Pembeni mwa Maasai Mara, wenye mashamba wamejiunga na kukodisha ardhi yao kwa kampuni za utalii. Hifadhi ya Olare Orok, mathalan, ilianza mwaka wa 2006. Mwenye shamba hulipwa kodi, na ng'ombe huingizwa kwa zamu kufuatana na mpango wa malisho. Mpango huo unahitaji mtu wa kuupima na kuusimamia, na meneja akikosea hesabu, ama ng'ombe watakonda, ama simba atahamia bomani.

Tatu, ziko kazi ambazo wazazi wetu hawakuzijua. Mwaka wa 2010, bima ya mifugo inayotegemea setilaiti ilianza kujaribiwa Marsabit. Setilaiti hupima ubichi wa malisho kutoka juu, na ubichi ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji walio katika mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilipwa tangu miaka ya mwanzo ya 2010 kwa kuitunza mikoko inayofyonza hewa chafu, na fedha hizo zimeingia katika maji na shule. Wako pia wahitimu wanaootesha nyasi na kuuza mbegu na marobota. Nyasi ambazo zamani ziliota zenyewe sasa ni bidhaa, na kiangazi kikikaza robota huuzwa kama dhahabu.

Sasa tuyataje mashimo. Nafasi za serikali ni chache, na mtu anaweza kungoja kwa miaka. Kazi nyingi za mashirika ni za mkataba, na mkataba hufuata fedha za mfadhili. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli za watalii, hifadhi za Mara zilikosa mapato kwa ghafla. Mwaka wa 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, miradi mingi ya mashambani ilisimama na watu wakapoteza kazi. Kijana anayeichagua njia hii hana budi kujua kwamba mshahara wake unaweza kutegemea uamuzi uliofanywa mbali sana na alipo. Ndiyo maana nasema asisome kuhusu wanyama peke yake. Ajifunze pia uhasibu, kuandika ripoti, kutumia ramani za kompyuta na, ikiwezekana, biashara yake mwenyewe.

Na kwa wasichana nina neno. Mtaambiwa kwamba hii ni kazi ya wanaume. Jibu lenu liwe Profesa Wangari Maathai, aliyesomea elimu ya viumbe, akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977 pamoja na akina mama wa mashambani, na akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Isitoshe, nyanda za malisho zinawahitaji. Katika hifadhi nyingi za Mara, hati za mashamba ziliandikwa kwa majina ya wanaume, hivyo kodi ya ardhi ikaingia mifukoni mwa wanaume, ilhali mwanamke ndiye anayekama, anayeteka maji, na anayejua mbuzi gani ni mgonjwa. Afisa mwanamke huketi na akina mama akasikia yale ambayo hayasemwi kwenye baraza la wazee.

Pa kusomea

Usimamizi wa nyanda za malisho umefundishwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye bewa la Kabete Juu. Hapo ni mwendo wa matatu moja tu kutoka katikati ya jiji, hivyo hakuna sababu ya familia ya Nairobi kutokwenda kujionea. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki kilichoko Kitui nacho kimejikita katika masomo ya nchi kame. Egerton, kule Njoro, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya wakulima wa kizungu, kinafundisha kilimo na maliasili. Anayependa misitu, wanyama pori au samaki aitazame Eldoret. Kumbuka kwamba idara ya misitu iliyohamishwa kutoka Nairobi mwaka wa 1984 ndiyo iliyokianzisha Chuo Kikuu cha Moi. Kilichoko Narok, yaani Maasai Mara, kipo katikati ya mambo yenyewe.

Kuingia shahada kunataka angalau gredi ya C+ kwa jumla, na vyuo huangalia zaidi biolojia, kemia, hisabati, na jiografia au kilimo. Watoto wa mtaala mpya wachague njia ya sayansi mapema. Orodha kamili ya masomo na alama hutolewa kila mwaka na KUCCPS, na ni hiyo ya kutegemewa, si ya binamu aliyesoma zamani.

Aliyekosa C+ asikate tamaa. Chuo cha Misitu cha Londiani kimekuwa kikitoa mafunzo tangu miaka ya 1950, na kule Naivasha kuna taasisi ya mafunzo ya wanyama pori. Nje ya Kenya, Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kimefundisha wasimamizi wa wanyama pori wa Afrika tangu 1963. Wengi walianza na cheti au stashahada, wakafanya kazi, kisha wakarudi kuchukua shahada. Hao mara nyingi huwa bora kuliko waliopita njia iliyonyooka, kwa kuwa wameshazoea vumbi.

Kabla ya kujaza fomu

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hivyo, kabla ya jina la shahada hii kuandikwa kwenye fomu, nashauri mambo manne.

La kwanza, mtoto aonje. Likizo moja aende kwa jamaa au rafiki wa familia anayefuga, akae wiki mbili au tatu. Aamke na mifugo, atembee nayo jua kali, anywe maji yaliyopo, alale bila stima. Kupenda filamu za simba ni jambo moja, na kumtazama mzee aliyeuawa ng'ombe na simba usiku, ukamweleza fidia itachukua muda gani, ni jambo jingine. Akirudi bado anaitaka kazi hii, mzazi amwamini. Akirudi hataki, imegharimu nauli tu, na hiyo ni bei nafuu kuliko miaka minne ya karo.

La pili, nendeni chuoni mkaulize maswali. Wanafunzi hutoka nje mara ngapi kwa muhula? Idara ina gari linalotembea? Ina mashamba ya majaribio? Wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya kazini, na ni nani anayelipia? Idara inayofundisha malisho ubaoni tu ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea sebuleni.

La tatu, lugha. Mtoto wa jijini mara nyingi ana Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Ajifunze angalau lugha moja ya wafugaji, iwe Kimaasai, Kiborana, Kisomali au Kiturkana. Majina ya nyasi, ya magonjwa ya mifugo na ya mvua yamo ndani ya lugha hizo. Mgeni anayesema na wazee kupitia mkalimani huambiwa yale anayotaka kusikia, akarudi ofisini akaandika ripoti ya furaha.

La nne, mzungumze kuhusu fedha bila kufichana. Omba mkopo wa HELB mapema. Panga jinsi kijana atakavyoishi mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu, kwani huenda akaanza kwa kujitolea au kwa posho ndogo. Kaka na dada zake waelezwe pia, wasije wakamtarajia kujenga nyumba ya mawe mwaka anaohitimu.

Na wewe mzazi mwenzangu, rudi kwenye lile swali lako la kurudi kijijini. Uliondoka kijijini kwa sababu kulikuwa na shida, na shida ile haitaondolewa na watu wote kuhama. Ng'ombe wanapokufa Marsabit, bei ya nyama hupanda jijini, na vijana waliopoteza mifugo huja kutafuta kazi ya ulinzi kwenye lango la mtaa wako. Mtoto anayerudi mashambani na ujuzi harudi kule ulikotoka wewe. Anakwenda mahali ambapo mtaalamu mmoja anaweza kusikilizwa na kijiji kizima, kama atakuwa na adabu ya kukisikiliza kwanza.

KUCCPS hufungua nafasi ya kuchagua na kubadilisha masomo baada ya matokeo. Msingoje siku ya mwisho, wakati mitambo imelemewa na kila mtu ana hasira. Ketini Jumapili moja kama hii, mzime runinga, mumwache mtoto aeleze anachokitaka hadi amalize, kisha ndipo muulize maswali.

Hadi juma lijalo, kwaherini.